Alisema ni Makaa ya Mursik

Mimi jina la mtu halinipotei. Uliza nani alikuwa jirani yetu kule Merigi kabla sijaolewa huku Konoin, nitakutajia yeye, mke wake, watoto kwa mpangilio waliozaliwa, na ng'ombe waliokuwa wakikamuliwa hapo. Shule niliiacha mapema sana, lakini majina nilitoka nayo yote. Kwa hiyo mtu asifikiri nimesahau jina la mzee huyu. Liko hapa kwenye ulimi. Silisemi kwa sababu aliniomba nisiliseme, nami nikamkubalia, hasira ikiwa imenijaa mpaka kooni. Nitamwita vile alivyoitwa na kila mtu kutoka Kimulot mpaka Mogogosiek: Daktari wa Ng'ombe.

Aliniomba nifiche jina. Kuhusu choo chake hakuniomba ninyamaze, na hata angeniomba ningekataa. Maana ni kwa sababu ya kukificha choo hicho amebaki mifupa mitupu, na alikuwa karibu kumwacha kijana wake Kibet aende njia hiyo hiyo. Kibet alikuwa na dalili kama za babake. Mle nyumbani walijua. Kila mmoja alingoja mzee aulize, na mzee alikaa tu kwenye kiti chake akitazama banda la ng'ombe.

Kalamu naishika vibaya, lakini leo nimeishika.

Tuanze na mema yake, maana alikuwa nayo, na ndiyo yanayoniudhi zaidi. Alisomea mifugo, akaajiriwa, akastaafu, lakini huko kustaafu hatukukuona. Ungempigia simu mvua ikinyesha ile ya mchana, ile isiyokuacha uanue nguo, na ungesikia pikipiki yake inapanda kilima. Anashuka na gambuti zake na koti refu jeusi. Hasalimii mtu. Anampita mama mwenye nyumba kama anayepita mti, anaenda moja kwa moja nyuma ya ng'ombe. Anavunja kijiti kwenye ua, anainama, anafungua kinyesi kama mtu anayefungua zawadi. Ananusa. Anakigusa kwa kidole. Halafu ndiyo anainuka na kusema, “Chamgei, mama. Sasa tunaweza kusalimiana.”

Alikuwa na msemo wake: “Wewe ulikuwa umelala, yeye amekuachia ripoti hapo nyuma.” Na ripoti hiyo aliisoma kweli. Alitufundisha sisi wanawake wa hapa, mmoja mmoja, bila kuchoka. Kinyesi kizuri kinaanguka kinakaa kama chapati nzito, na katikati kinabonyea kidogo. Kikiwa maji maji na mapovu, umempa unga mwingi na majani machache. Ukiona punje za mahindi zimetoka nzima kama zilivyoingia, tumbo halifanyi kazi. Kikiwa kigumu kama matofali, hajanywa maji. Kikiwa na makamasi au damu, hapo usimalize chai yako, piga simu. Na cheusi? “Cheusi kinachonata,” alisema, “hapo unaniita mbio, kwa sababu anavuja damu ndani na wewe unaona amesimama tu anakula.”

Hayo maneno ni yake. Niliyasikia kwa masikio yangu, nimesimama kwenye matope, nimeshika kamba ya ng'ombe wangu Chelel. Mtu asije akaniambia hakujua.

Kuna siku alimfokea Moraa. Moraa ni mama wa Kikisii, alikuja hapa na mumewe kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, wakanunua kipande chao, wakawa watu wetu. Ng'ombe wake alikuwa ameacha kula. Moraa akasikia Daktari anakuja, na kwa kuwa ni mwanamke msafi, akachukua ufagio na sabuni ya unga akaosha banda lote mpaka saruji ikang'aa. Daktari akafika, akasimama mlangoni.

“Nani amekufa hapa?”

“Hakuna mtu, Daktari.”

“Mbona pameoshwa kama pa matanga?”

“Nilijua mgeni anakuja.”

“Umeniosha ripoti!” akapiga kelele, mpaka kuku wakatawanyika. “Nimetoka Kimulot kwa mvua kuja kusoma, na wewe umeniosha ripoti! Sasa nitasoma nini, sabuni?”

Moraa alitaka kulia. Lakini mzee hakwenda. Aligeuza ndoo akaikalia hapo nyuma ya ng'ombe, akaomba chai, akangoja. Tukamletea chai mara ya kwanza na ya pili. Akaongea na ng'ombe kama anavyoongea na mtoto, “Haya mama, toa kidogo tu, usinione vibaya.” Sisi tukicheka nyuma ya ua na aproni midomoni. Na ng'ombe alipotoa, akaruka kama kijana. Ng'ombe huyo alipona. Yuko mpaka leo, anaitwa Kemunto, ana ndama wa tatu.

Mtu wa namna hiyo. Angekaa asubuhi nzima kungoja choo cha ng'ombe wa mtu mwingine.

Sasa njoo kwa upande wa watu uone.

Neno lenyewe hakulisema kamwe. Akitaka kwenda haja alisema, “Naenda kutazama chai kidogo.” Hata akiwa mahali ambapo hakuna shamba la chai. Choo cha kwake alikichimba nyuma ya miti ya saipresi, kirefu kwenda chini, bila dirisha, mlango umeelekea kwenye ua ili mtu asionekane akiingia. Ukiingia mchana unapapasa kama kipofu. Marehemu mke wake, Leah, aliniambia tukichuma chai, “Bot Kiprono, nimezaa watoto na huyu mtu, na sijawahi kumwona akiingia huko.” Bot Kiprono ni mimi, mama yake Kiprono. Leah alisema kama jambo la kuchekesha na tukacheka. Leo siwezi kucheka.

Si kwamba ni yeye peke yake. Mwanamume wetu akishatahiriwa, mambo ya tumbo lake ni siri mpaka kaburini. Hawezi kuyasema mbele ya mkewe, wala mbele ya mke wa mwanawe, na mbele ya kijana wake ndiyo kabisa. Sisi tunaita heshima. Nimeishi na hiyo heshima maisha yangu yote na nimezika watu wengi waliokuwa nayo.

Kanisani Daktari alikuwa mzee wa kanisa, anakaa mbele. Siku moja chama cha akina mama kiliomba sista mmoja, Chepng'eno, binti wa hapa ambaye ni muuguzi hospitalini, atufundishe baada ya ibada juu ya magonjwa ya tumbo. Msichana akasimama na blauzi yake nyeupe, akaanza vizuri. Akasema, “Wazazi wangu, leo nataka muanze kuangalia choo chenu.”

Benchi za wanaume zikalia zote. Wengine wakatazama dari. Arap Sigei akatoka akijifanya anakohoa. Na Daktari wa Ng'ombe, huyo huyo wa kijiti, akasimama na suti yake, akainua mkono.

“Binti yangu, asante. Hapa ni mahali pa heshima. Hayo mengine mtaongea huko kwa jikoni.”

Na watu wakasema amina! Waliitikia amina, mimi nikisikia.

Tukaenda jikoni kweli. Nyuma ya kanisa, tukimenya viazi vya chakula cha mchana, Chepng'eno akamaliza somo lake, na nasema hivi, lile jiko lilikuwa kanisa siku hiyo. Alituambia choo cheusi si kibaya kila wakati. Mama mjamzito anayemeza tembe za kuongeza damu atatoa cheusi, na hiyo haina neno. Lakini kikiwa cheusi kama lami, kinang'aa, kinanata, na harufu inakufukuza, hiyo ni damu iliyotoka huko juu tumboni ikageuka njiani. Damu nyekundu ya wazi imetoka karibu na mlango. Inaweza kuwa bawasiri, inaweza kuwa kitu kibaya zaidi, “na wewe uliyekalia huwezi kuona ni gani, kwa hivyo usijipimie,” alisema.

Moraa akauliza, “Na ile inakataa kwenda chini, inaelea na mafuta?”

“Hiyo ni wewe mwenyewe umeona ama ni ya jirani?” akauliza Mama Sharon, na viazi vikaanguka kwa kicheko.

Sista akajibu bila aibu. Ikiwa ni mara moja baada ya kula mafuta mengi, achana nayo. Ikiendelea, mafuta hayasagiki tumboni, enda upimwe. Na choo kikigeuka cheupe kama udongo wa kupaka ukuta, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi na macho yakawa ya njano, nyongo imezibwa, hiyo usilale nayo. Na mtu ambaye tumbo lake lilikuwa na mpango, halafu mpango ukavunjika, leo anaendesha kesho amefunga, wiki zinapita, au choo kimekuwa chembamba na hakikuwa hivyo, na suruali zinamlegea, huyo asinunuliwe dawa ya minyoo dukani. Apelekwe.

Mimi yote niliyaweka kichwani pamoja na majina. Wanaume walikuwa nje wakingoja viazi.

Sasa nifike kwenye choo changu. Mwanangu Kiprono alinijengea kile cha sinki nyeupe ya kuchuchumaa, na vigae vyeupe, na dirisha, ile unamwagia maji ya ndoo ukimaliza. Siku moja Daktari alikuja kumtibu Jumamosi, ng'ombe wangu wa sasa, anaitwa hivyo kwa siku aliyozaliwa. Nikamwona Daktari ameshika nguzo ya banda. Uso ulikuwa umekwisha rangi, kama mtu aliyepakwa majivu. Nikamwambia kaa. Akasema, “Naenda kutazama chai kidogo.” Akaenda.

Yeye alizoea shimo linalomeza kila kitu. Hakujua kwamba hiki chetu ni lazima umwagie maji. Alipotoka niliingia kupeleka ndoo, na nikaona. Ilikuwa lami. Nyeusi, inang'aa kwenye ile sinki nyeupe, imenata, na harufu kama ya chuma na damu iliyolala. Nilisimama hapo na ndoo yangu, na maneno ya Chepng'eno yakanirudia yote. Na ya Daktari mwenyewe pia.

Nikamfuata bandani.

“Daktari, hiyo ni nini?”

“Hiyo gani?”

“Hiyo umeacha ndani.”

Aligeuka akanitazama kama nimemvua nguo. “Bot Kiprono! Siku hizi unafuata wanaume chooni?”

“Nafuata choo yangu mwenyewe. Ni nyeusi na inanata.”

“Ni mursik.”

Kwa asiyejua, mursik ni maziwa yetu ya kulala, tunayaweka kwenye kibuyu ambacho ndani kimepakwa makaa ya mti wa senetwet, ndiyo maana yana rangi ya majivu. Kwake walikuwa wanapaka makaa kwa mkono mzito, hilo ni kweli, alijisifu nalo miaka yote.

“Mursik!” nikamwambia. “Mimi nilianza kunywa mursik sina meno, na sasa naikunywa sina meno tena, na choo yangu haijawahi kuwa lami!”

“Kwetu tunapaka makaa mingi.”

“Na kama ni Jumamosi ametoa hiyo, ungesema nini?”

Alimtazama ng'ombe. Akatazama kijiti chake. Nilimwona anajua. Watu wananiambia siwezi kuwa na hakika, lakini mimi nilikuwa hapo, nilimwona mtu akijua kitu na kukifungia mlango.

“Jumamosi hanywi mursik,” akasema, akavaa helmeti yake akawasha pikipiki.

Miezi ikapita bila yeye kukanyaga kwangu. Ng'ombe wangu akiugua anamtuma mtu mwingine. Nilisikia anatafuna tembe za kiungulia kutoka dukani kama karanga. Nikasikia, na hili alikuja kunithibitishia mwenyewe, kwamba alijipimia dawa ya minyoo ya ng'ombe akainywa. Mtu aliyekuwa anagombeza akina mama wasichanganye dawa ya mbuzi na ya ng'ombe! Kola ya shati ikawa pana kuliko shingo. Kanisani walisema Mungu anampunguzia mzee mwili apate kupanda vilima vizuri.

Alianguka kwenye kituo cha kupimia chai, tukingoja lori. Alikuwa amesimama na kapu lake, akakaa chini polepole kama mtu anayetaka kupumzika, halafu akalala juu ya majani ya chai. Kibet na mimi tulienda naye hospitalini, na Kibet alikuwa mweupe kuliko yeye. Waliongeza damu. Wakamshushia kamera ndogo kupitia mdomoni. Daktari wa watu, kijana mpole, akauliza, “Mzee, choo kimekuwa cheusi tangu lini?”

Na yeye akajibu, “Sijaangalia.”

Hajaangalia! Nilitoka nje ya chumba kile kwa sababu mkono wangu ulikuwa unataka kumpiga mgonjwa. Hakuna ng'ombe Konoin ambaye huyu mtu hajaangalia nyuma yake. Akiwa njiani kwenda harusini alisimamisha pikipiki aangalie kinyesi cha ng'ombe wa barabarani ambaye mwenyewe wake hamjui. Na chake mwenyewe hajaangalia!

Ilikuwa uvimbe wa tumboni, uliokuwa ukivuja kidogo kidogo muda mrefu, na ulikuwa umeshafika kwenye ini. Nilimuuliza yule kijana, kama angekuja mapema? Hakunidanganya. Alisema hawezi kuapa, lakini mlango ungekuwa wazi zaidi. Halafu akageukia Kibet. “Na nyinyi watoto wake, mkiona choo kama hicho, au mtu anakonda bila sababu, msikae nyumbani. Mje.”

Kibet akatazama viatu vyake. Nimelea watoto wengi, najua mtoto akitazama viatu ana nini.

Nyumbani watu waliambiwa ni presha. Hiyo ndiyo waliyokubaliana, presha, hata pasta aliombea presha. Nikiwa nachuma chai na Joyce, mke wa Kibet, nikamuuliza moja kwa moja. Akaangalia huku na huku kama tunaiba.

“Kogo,” akasema, maana ndivyo wanavyoniita, yaani nyanya, “kila asubuhi anaosha choo yeye mwenyewe.”

“Kibet?”

“Kibet. Mtu hajui fagio inakaa wapi. Anaamka mbele yangu, anamwaga maji na majivu, anasugua. Na anameza tembe za mgongo kila siku, sababu ya kubeba magunia ya chai. Anapanda kilima anasimama katikati.”

“Umemuuliza?”

“Nimuulize nikitoka wapi, Kogo?”

Nikamwendea Kibet mwenyewe. Sijali, mimi ni mzee, wataniambia nini. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, akasema, “Kogo, mzee hajatamka kitu. Tumesema ni presha. Nikienda mimi niseme ni choo, si ni kama nimemtangaza baba yangu? Akiniambia niende, nitaenda hata leo.”

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwanamume mzima, ana watoto, anavuja damu, anangoja ruhusa. Na ruhusa iko kwenye kinywa cha mtu aliyefunga hicho kinywa.

Nilienda kwa mzee mchana, mawingu yakianza kuja kutoka upande wa msitu. Alikuwa amekaa nje ukutani, blanketi magotini, kiti kimeelekezwa kwenye banda. Mikono ilikuwa mirefu, sijawahi kujua mikono yake ilikuwa mirefu hivyo. Kibet alikuwa ng'ambo akikata nepia, majani ya ng'ombe, kwa panga.

“Chamgei, Bot Kiprono. Hiyo ng'ombe ya mwisho imekula kitu. Ona vile imetoa.”

“Sikukuja kuona ng'ombe.”

“Umekuja kuniona nikiisha.”

“Nimekuja na hasira.”

“Hiyo najua. Nimesikia vile umefunga geti.”

Nikakaa kwenye jiwe. Nikamwambia kuhusu Kibet yote, maji na majivu, tembe, kilima. Hakushtuka, na hapo ndipo nilipojua kwamba alishaona kitambo, kutoka kwenye kiti hicho, kwa macho yale yale ya kusoma ripoti.

“Baba hawezi kumuuliza kijana wake hiyo,” akasema. “Nilimpeleka akatahiriwa. Ni mwanamume.”

“Mimi mwanamke nilikuuliza wewe. Nilikufa?”

“Ulinitukana.”

“Nilikuuliza! Ungenijibu, leo ungekuwa nyuma ya Jumamosi na kijiti chako. Unataka nikuje hapa tena nikae kwenye hili jiwe nikimwangalia Kibet na blanketi?”

Nilisikia panga la Kibet kwenye nepia. Halafu akaita kwa sauti kubwa kuliko niliyodhani amebaki nayo, “Kibet!”

Kibet akaja, akasimama mbali kidogo, panga mkononi.

“Ee, baba.”

“Hiyo ng'ombe ya mwisho.”

“Nimeona, baba. Nitaipa dawa.”

“Na kuna ndama mmoja hapa,” mzee akasema, akitazama chini. “Ndama akitoa nyeusi...”

Nikapiga fimbo yangu chini. “Hakuna ndama hapa! Muulize kijana yako kama mtu!”

Alinitazama, na macho yake yaliniambia niende kwangu. Sikuondoka kwenye jiwe. Akashika mikono ya kiti kama anataka kusimama.

“Kibet. Choo yako ni nyeusi?”

Upepo wa mvua ulikuwa umeanza. Kibet akaangalia panga, akaligeuza.

“Ee, baba.”

“Inanata?”

“Ee.”

“Tangu lini?”

“Tangu mahindi iko kwa magoti.”

Nikaangalia shambani. Mahindi yalikuwa yameshatoa ndevu.

“Na ya leo iko wapi?”

“Nimeosha.”

Mzee akafumba macho. “Umeniosha ripoti,” akasema. Maneno yale yale aliyomfokea Moraa mpaka kuku wakakimbia, lakini sasa yalitoka polepole, na machozi nyuma yake. Hakuyafuta. Angeyafuta tungejua yapo.

“Kesho uende,” akamwambia. “Joyce aende na wewe. Hizo tembe za mgongo mbebe mkaonyeshe. Watakuuliza maswali, ujibu yote. Na usiwaambie ni makaa ya mursik.”

Asubuhi yake nilikuwa shambani na kapu mgongoni, nikaona pikipiki ya mzee inashuka, Kibet mbele, Joyce nyuma ameshika begi. Kamera ilikuta kidonda. Hakikuwa uvimbe. Zile tembe ndizo zilizochimba, na mdudu wa tumbo akasaidia. Amekatazwa tembe hizo, anakula dawa, damu inarudi, na ataangaliwa tena na tena kwa sababu ya babake. Anapanda kilima bila kusimama katikati.

Lakini siku ile, Kibet aliporudi kwenye nepia yake, matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka na Joyce alikuwa anakuja na mwavuli kumwingiza mzee ndani. Nikasimama niende.

“Sasa umefurahi,” Daktari akaniambia.

“Sijafurahi.”

“Utaenda kusema kila mahali.”

“Nitasema. Kanisani pia, mbele, si kwa jikoni.”

“Jina langu usiweke.”

Nilimtazama, mtu aliyeokoa nusu ya ng'ombe wa Konoin.

“Jina sitaweka,” nikasema. “Lakini ile ya mursik nitaweka.”

Alitazama banda muda mrefu, mvua ikimwangukia magotini.

“Weka,” akasema.